Octave Kalenga Mumba, aliyeingiza simu ndani ya kuta za Sainte-Odile

Wachungaji, wazee wetu, wafiwa wenzangu, majirani wa Kikula na ninyi mliopanda magari kutoka Lubumbashi, Kakanda na Mulungwishi, anayesimama mbele yenu ni Didier, mdogo wake marehemu, yule aliyemfuata ziwa, familia ilikaa jana na kunichagua nisome maisha yake, wakitoa sababu kwamba nimetembea nchi nyingi na ninajua kusema, lakini ukweli ni kwamba kazi hii ilikuwa ya kijana wake Étienne, naye sauti imemkauka kwa kulia, na kwangu mimi sauti ndiyo mali pekee niliyorudi nayo kutoka Guangzhou, ukiacha hili tumbo.

Octave Kalenga Mumba alizaliwa hapa Likasi, mtaani Kikula, siku ya Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa Papa Mumba, mchomeleaji wa karakana za reli, na wa Mama Kabulo, aliyeuza mboga alizolima mwenyewe, na kwa kuwa ndio mwaka mji wetu ulipobadilishwa jina, karatasi yake moja inasema alizaliwa Jadotville na nyingine inasema Likasi, jambo alilolitumia maisha yake yote kunichokoza mimi msafiri, kwamba yeye alishaishi katika miji miwili kabla hajajua kutambaa, tena bila pasipoti.

Alisoma shule ya msingi Kikula kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akapelekwa bweni Mulungwishi kwa masomo ya sekondari, akamaliza Juni 1984, na huko ndiko alikoanza ugonjwa wake wa pekee ambao hakuna daktari aliyewahi kuuponya, maana alijiundia redio kwa waya na vipande vya kuokota, akagundua kwamba redio ile iliongea akiwa dirishani na kunyamaza kila alipoingia nayo katikati ya bweni, mwalimu akamwambia kuta ni nene na juu kuna mabati, wanafunzi wote wakaridhika na jibu hilo isipokuwa yeye, akahamishia kitanda chake dirishani katika baridi ya Julai, akapata homa ya mapafu, na alipotoka kitandani jambo la kwanza aliloomba lilikuwa waya mrefu zaidi.

Baada ya hapo alikwenda Lubumbashi kusomea elektroniki, akapata diploma yake Julai 1988, na tarehe 1 Februari 1989 akaanza kazi kwenye bwawa la Koni, akitunza simu za waya kati ya mitambo na mji, kazi ya kutembea porini kando ya nguzo huku akipigiwa kelele na nyani, kisha mwaka 1997 akachukuliwa na mgodi mmoja wa chini ya ardhi upande wa Kolwezi, na hapo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kitu alichokiona kule chini ndicho kilichotuleta wengi wetu hapa leo.

Chini ya ardhi sauti ya redio haifiki mbali, mwamba unaimeza, kwa hiyo wachimbaji hutandaza kwenye mahandaki waya maalumu wenye nyufa ndogondogo, unaovujisha mawimbi kidogo kidogo njia nzima, kama mpira wa kumwagilia bustani uliotobolewa matundu, na kila mtu anayepita karibu nao anasikika, Octave alifanya kazi na waya huo miaka sita, na aliporudi nyumbani kwa likizo alituchosha sote kwa habari zake, mpaka mama yetu akamwuliza mezani, mbele ya wageni, "Octave, huu waya uliuoa lini?"

Kwa habari ya kuoa, marehemu alifunga ndoa na Colette Mbuyi serikalini tarehe 5 Agosti 1995 na kanisani tarehe 12 Agosti 1995, yeye mtoto wa Katanga na Colette binti wa familia iliyotoka Kasai kufuata kazi ya mgodi, katika miaka ambayo ndoa ya namna hiyo iliwafanya watu wa pande zote mbili wakohoe kabla ya kusalimu, na siku ya kupeleka posa, baba mkwe alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Minye nasikia weye unapandaka tu ku mapoto, sasa mutoto wangu atakula nini, bukari ao waya?" mapoto yakiwa zile nguzo za simu, wazee wetu wakainama, lakini Octave akajibu kwa adabu kwamba bukari, ugali wetu, ataitafuta yeye na waya watauacha nje ya nyumba, ahadi ambayo nusu yake ya kwanza aliitimiza kikamilifu, na ya pili, Colette mwenyewe yupo hapa, mwulizeni sebule yake ilikuwaje.

Mungu aliwajalia Étienne, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1997, na Arielle, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2001, ambaye leo yuko njiani kutoka Kinshasa na hajafika, na tarehe 11 Oktoba 2011 akazaliwa Jaël, ambaye hakulia.

Familia imenipa ruhusa ya kusimulia jambo hili, na Colette amenishika mkono akasema nilisome kama lilivyo, kwa hiyo nalisoma, hospitali ya Sainte-Odile, kama wengi wenu mnavyoijua, ni jengo la matofali la enzi za wakoloni, kuta zake ni pana kiasi kwamba paka analala dirishani kwa urefu wake, juu kuna mabati mazito, na ndani ya jengo lile simu ya mkononi ilikuwa kioo cha kujitazamia tu, wauguzi na wagonjwa walizitia simu zao katika mfuko mmoja wa kitambaa uliotundikwa kwenye dirisha la chumba cha kufulia, mahali pekee palipokuwa na mtandao, na Maman Cathy, mfuaji, ndiye aliyepokea simu za hospitali nzima, hivyo akajua nani ana shemeji mkorofi na nani anadaiwa na fundi cherehani, siku ile Colette alianza kutokwa na damu, daktari alikuwa ametoka kwenda kula nyumbani, Sista Martine, mkunga, ilimbidi aondoke kitandani, apite koridori yote hadi kule dirishani, apige, asubiri, arudi, na daktari alikuja akikimbia, akaokoa mama, mtoto hakuweza kumwokoa, hapakuwa na aliyelala wala aliyezembea, walifanya yote wanayoweza binadamu, lakini kati ya mkunga na daktari kulikuwa na ukuta.

Colette alipotoka mle alimwambia mumewe mbele yetu, kwa sauti ya chini ambayo kwa Colette ni kali kuliko kelele, "Simu ikilia pembeni ya kitanda mule ndani, minye nitaingia tena, mbele ya ile, hapana," yaani kabla ya hapo haingii, na hakuingia, mama yake mzazi alilazwa mle akampelekea chakula mpaka getini, yeye mwenyewe akiugua alipanda gari hadi Lubumbashi, na Octave, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa na kampuni ya simu tangu 2003 na kupanda minara yote mnayoiona mkielekea Kambove, aliacha kazi hiyo mwaka 2014, akafungua karakana yake ndogo hapa Kikula, na Januari mwaka uliofuata akaandika ombi la kwanza la kuruhusiwa kuingiza mtandao ndani ya Sainte-Odile.

Nitawaeleza alichotaka kufanya kama alivyonieleza mimi, na mimi nikielewa kila mtu anaelewa, unaweka antena moja nje, juu, inayoutazama mnara, unashusha mawimbi kwa waya hadi kwenye mashine ya kuyapa nguvu, kisha unayapitisha ndani ya jengo kwa ule waya wake wa nyufa, si ule ule wa mgodini bali wa ukoo wake, uliotengenezwa kwa ajili ya simu za mkononi, ukilala juu ya koridori kutoka mapokezi hadi chumba cha upasuaji, ni hivyo tu, lakini mashine ya namna hiyo ikiwekwa vibaya inachafua mtandao wa mji, kwa hiyo bila idhini ya kampuni huigusi, na kampuni ilimjibu kwamba ombi limepokelewa, mwaka uliofuata tena limepokelewa, na akaendelea kupokelewa hivyo hadi Aprili 2021, mimi nikiwa Dar es Salaam nampigia simu kumwambia aachane nayo, aje tuuze vipuri, naye ananijibu kwa upole kwamba vipuri vina wauzaji wengi.

Idhini ilipotoka, akafunga kila kitu kwa mikono yake, na Septemba 2021 akawasha, na siku ya tatu mtaa mzima unaoizunguka hospitali ukakosa mtandao, hakuna simu inayotoka wala kuingia, watu wakajazana getini wakisema, "Lopitalo iko inakula rezo yetu," kampuni ikaagiza mitambo izimwe mara moja, na Octave akaenda nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, kwa sababu alikuwa amepima kila kitu na kila kitu kilikuwa sawa.

Aliyetupatia jibu alikuwa Papa Germain, mlinzi wa hospitali, yupo pale nyuma na ameniruhusu kumtaja, alikuja karakanani amevua kofia, akasema, "Chef, ile antenne ya inje, minye na bantu ba comité tuliishusha, tukaificha mu plafon, juu mu ile quartier bezi ba cuivre beko, bangeibeba na waya yote," yaani waliificha darini kwa kuogopa wezi wa shaba, na hebu niambieni nani kati yetu, watu wa Likasi, ambao tumeona nyaya za taa, za reli na hata za kengele ya shule zikiondoka na mtu begani, nani angefanya tofauti, walifanya kwa mapenzi, walitaka kuilinda, isipokuwa kwamba antena ya nje ikiwekwa ndani karibu na waya wa ndani, mashine inajisikia yenyewe, inajijibu, inajijibu tena kwa nguvu zaidi, ni kile kile kinachotokea shemasi akisogeza kipaza sauti mbele ya spika na kanisa zima likaziba masikio, Octave alimsikiliza Germain hadi mwisho, akacheka mpaka akakohoa, akamkalisha, akamnunulia soda.

Kikohozi kile hakikuwa cha kicheko peke yake, Januari 2022 madaktari walituambia kwamba moyo wake umechoka, wakamkataza ngazi na mapaa, na Sainte-Odile ndiyo iliyokuwa na daktari wa kumtibu karibu na nyumbani, kwa hiyo sasa Octave alilala ndani ya jengo ambalo mkewe hakuweza kuvuka mlango wake, Colette akisimama getini kila siku na sufuria, akiuliza habari za mume wake kwa Maman Cathy, na kampuni ikatuma neno kwamba itakuja kupima mara moja tu, mtandao wa mtaa ukitikisika tena, idhini inafutwa na hairudi.

Swali likabaki moja, antena itasimama wapi juu, nje, bila kuibwa, kamati ya hospitali ikapendekeza kizimba cha chuma, Octave akawaambia mkiifungia ndani ya chuma mmenijengea ukuta mwingine, na waliotuokoa ni mama zetu wanaolinda wagonjwa, wale wanaopika uani kwa ajili ya watu wao, maana uani pale mafiga hayapoi, anayeondoka na mgonjwa wake anampisha anayeingia, na mmoja wao akamwita Octave akiwa amekaa juani, akamwambia, "Papa, tia kintu yako hapa juu ya mafiga yetu, mwizi akipanda, chungu ya maji ya moto iko tayari," Octave akatazama juu, akapima kwa jicho, akaona mnara unaonekana vizuri kutoka pale, na hivyo antena ya Sainte-Odile iko juu ya jiko la walinda wagonjwa mpaka leo, inanuka ndagala, dagaa wetu, na hakuna mkono ulioigusa.

Nani apande kuifunga, hapo ndipo mnapopaswa kunihurumia, Étienne alikuwa kazini Kakanda, fundi aliyeahidi hakutokea, na Jumamosi tarehe 18 Juni 2022, asubuhi, mhandisi aliyetumwa na kampuni kuja kupima, Bwana Arsène, akiwa tayari ameketi barabarani na kifaa chake cha kupimia, mimi Didier, niliyefunga mkanda macho yamefumbwa katika kila ndege niliyopanda, nilipanda juu ya mabati kwa magoti, huku akina mama wakinitazama kutoka chini na kushauriana kwa sauti kama paa litanibeba, na kaka yangu, kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi, akinielekeza kwa fimbo, kushoto, kulia, kidogo, na nilipokawia akauliza ili ua wote usikie, "Didier, weye uko natafuta mnara ao uko natafuta njia ya kurudia Guangzhou?"

Nilikaza parafujo za mwisho, Octave akaingia ndani akishikwa mkono, akawasha mwenyewe, na sote tukamtazama Arsène, naye akazunguka mtaa mzima na kifaa chake, akapita kwa muuza mkate, akapita shuleni, akarudi, akavua miwani, akasema, "Papa, mnara hata haujui kama mupo, iko safi," na mimi bado niko juu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunirudishia ngazi, kwa hiyo kilichofuata sikukiona, nilisimuliwa na kila mtu kwa namna yake, lakini wote wanakubaliana kwamba Octave alitoka hadi barabarani, akabonyeza namba, na ndani ya wodi ya wazazi, kando ya kitanda, simu ya Sista Martine ikalia, na Sista, aliyezoea kupaza sauti dirishani miaka yote, akapokea kwa nguvu iliyowaamsha watoto wote wa wodi, "Octave, niko nakusikia, niko nakusikia, nasema niko nakusikia," hata aliyekuwa nje akamsikia mara mbili, simuni na hewani, na Colette, aliyekuwa getini na sufuria yake, akaiweka chini, akavuka mlango, akapita koridori yote chini ya ule waya, akaingia wodi ile, akakaa kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akaomba simu ya Sista, akampigia mume wake aliyekuwa hatua chache nje ya dirisha, wakazungumza, na walichozungumza ni chao.

Tarehe 23 Novemba mwaka huo huo Tina, binti wa jirani yetu, alipata yale yale yaliyompata Colette, damu ile ile, saa ya chakula vile vile, na Sista Martine hakuondoka kitandani, mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo la mgonjwa na mwingine ulikuwa na simu, Daktari Jeancy wa Sainte-Odile, aliyekuwa nyumbani akila, alitoka mezani na kijiko mkononi, akafika, na Tina yuko hapa, safu ya tatu, na huyo anayemvuta kitambaa cha kichwa ni mwanawe wa kiume, ana nguvu nyingi kama mnavyoona.

Baada ya hapo hawakumpa nafasi ya kupumzika, walimwita kwenye soko la ndani, kwenye ghala la mahindi, kwenye shule ya ghorofa, Étienne akapanda na yeye akakaa kitini na fimbo yake, jengo pekee alilokataliwa kwa upole ni hili kanisa letu kubwa, ambapo mchungaji alimwomba aziache kuta ziendelee na huduma yao, na Maman Cathy, tangu mfuko uliposhushwa, analalamika hadi leo kwamba nguo anafua lakini habari hana.

Mwezi wa Mei mwaka huu moyo ulizidi kuchoka, akarudishwa Sainte-Odile, na safari hii Colette alilala mle mle, kwenye mkeka kando yake, tarehe 12 Juni 2025, siku ya Alhamisi, alasiri, Arielle alipiga kutoka Kinshasa, simu ikalia pembeni ya kitanda, Colette akaiweka sikioni pa mume wake, na Octave, aliyekuwa hajasema tangu asubuhi, akamwuliza binti yake kwa sauti ndogo, "Uko unanisikia muzuri?" Arielle akamwambia anamsikia kana kwamba amekaa naye chumba kimoja, baba yake akatabasamu lile tabasamu lake la fundi, akaendelea kumsikiliza mtoto akiongea, na Arielle alikuwa bado anaongea Octave alipotuacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, anaacha mjane, watoto wawili walio hai, na sisi ndugu zake, ambao hatukujiandaa.

Familia inamshukuru Daktari Jeancy na wenzake wa Sainte-Odile, Sista Martine, Maman Cathy, Papa Germain anayelinda bila kuficha tena, akina mama wa uani, tunajua leo pia mmoja wenu amebaki kule kwenye mafiga na tunamshukuru asiyekuja zaidi ya sisi tuliokuja, Bwana Arsène aliyetoka Lubumbashi kwa basi, mafundi wa Koni na wa mgodini waliomfundisha, majirani waliotupa viti, maji na kuni, na Colette, shemeji yangu, tunayemshukuru kwa kumwekea mume wake sharti gumu kuliko yote na kukaa naye mpaka alipolitimiza.

Yaya Octave, kaka yangu, umefanya kazi, umemaliza, nyosha miguu sasa, uingie katika utulivu wa Bwana, lala upumzike, huku ulikotuacha tunasikilizana.